Otis: saa 24 zilizowapita watabiri wa vimbunga

Jumatatu ya Oktoba 23, 2023, saa tatu usiku kwa saa za Acapulco, Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, kilitoa taarifa yake ya kawaida kuhusu dhoruba ya kitropiki iliyokuwa baharini kusini mwa Mexico. Dhoruba hiyo ilikuwa imepewa jina la Otis siku moja kabla. Utabiri ulisema itasogea kuelekea nchi kavu, itaongeza nguvu kidogo njiani, na itafika pwani ikiwa na upepo wa takriban kilomita 110 kwa saa, yaani bila hata kufikisha zile kilomita 119 zinazoipandisha dhoruba kuwa kimbunga kamili. Jumanne saa tatu usiku upepo wa Otis ulikuwa kilomita 270 kwa saa. Kilikuwa kimbunga cha daraja la 5, la juu kuliko yote, na kilikuwa chini ya kilomita 100 kutoka mji wenye watu wapatao 780,000.

Katika utabiri wa saa 24, kituo hicho kwa kawaida hukosea nguvu ya upepo kwa wastani wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Safari hii kosa lilizidi kilomita 150. Na hawakuwa wanadamu peke yao waliokosea. Modeli, yaani programu za kompyuta zinazohesabu hali ya hewa ijayo, zilikosea pia. Modeli ya dunia nzima ya Marekani iitwayo GFS, ile ya Ulaya ya ECMWF inayosifiwa kuliko zote, na modeli maalumu za vimbunga zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi hii hasa, zote zilionyesha dhoruba ya wastani. Hakuna hata moja iliyopiga kelele.

Baada ya maafa yale maelezo mengi yaliishia kwenye mstari mmoja: bahari imepata joto, vimbunga vimekuwa vikali, kompyuta zimeshindwa. Joto la bahari lilikuwepo kweli, kama nyuzi 30 hadi 31 za Selsiasi karibu na Acapulco, na mwaka ule ulikuwa wa El Niño. Lakini modeli zililijua joto hilo. Lilikuwa limeingizwa ndani yake tangu mwanzo. Mimi naona kisa cha Otis kinatuelekeza mahali pengine kabisa, penye kazi ya taratibu isiyovutia magazeti: namna modeli inavyoambiwa dhoruba ikoje sasa hivi, kabla haijaanza kuhesabu itakavyokuwa kesho.

Jumanne ilivyokwenda

Asubuhi ya Oktoba 24 Otis bado kilihesabika kuwa dhoruba ya kitropiki. Utabiri ulikuwa umepandishwa kidogo, sasa ukisema itafikia ukingo wa kimbunga kamili au kuuvuka kidogo kabla ya kuingia nchi kavu. Mtu wa Acapulco aliyesikia taarifa hiyo akiwa anafungua duka lake hakuwa na sababu ya kuchanganyikiwa. Mji ule unazijua dhoruba. Unafunga madirisha, unanunua maji na mishumaa, unasubiri ipite.

Mchana ndege ya kikosi cha akiba cha jeshi la anga la Marekani, wale wanaoitwa wawindaji wa vimbunga, iliingia ndani ya Otis. Ilichokikuta hakikufanana na makadirio ya setilaiti. Upepo ulikuwa mkali zaidi, mgandamizo wa hewa katikati ulikuwa unashuka kwa kasi, na jicho dogo lilikuwa limeshajifunga. Kituo cha Miami kikaanza kurekebisha taarifa zake kwenda juu, na kila marekebisho yalikuta kimbunga kimeshayapita. Kufikia usiku mtabiri wa zamu aliandika kwamba jinamizi linajitokeza kusini mwa Mexico, na kwamba hakuna kimbunga katika kumbukumbu zote kilichowahi kukaribia ukali huo katika sehemu ile ya nchi. Wanaozisoma taarifa zile kila msimu wanajua jinsi lugha yake ilivyo kavu. Neno kama hilo halitoki pale bure.

Saa sita na nusu hivi, usiku wa kuamkia Jumatano, Otis kiliingia nchi kavu jirani na Acapulco. Uchambuzi wa baadaye uliuweka upepo wake wa wakati huo kwenye kilomita 260 kwa saa. Hakuna kimbunga cha daraja la 5 kilichokuwa kimewahi kurekodiwa kikitua kwenye pwani ya Mexico ya bahari ya Pasifiki kabla yake. Patricia ya mwaka 2015, iliyokuwa na nguvu kubwa zaidi baharini, ilishuka daraja kabla ya kufika.

Idadi rasmi ya waliokufa ilifikia 52, na makumi wengine hawakuonekana tena. Wateja zaidi ya 500,000 wa umeme walikatikiwa, simu zikanyamaza, barabara kuu ya kutoka Mexico City ikafungwa na maporomoko, na kwa saa nyingi nchi haikujua hali ya mji wake. Hoteli ndefu za ufukweni, ambamo wiki hiyo walikuwemo wageni wa mkutano wa kimataifa wa madini, zilibaki mifupa ya zege. Vioo, kuta za ndani na vitanda vilikuwa vimepeperushwa nje. Hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 12 hadi 16.

Miongoni mwa waliokufa kuna kundi moja ambalo kwangu linaeleza maana ya utabiri kuliko takwimu yoyote. Ni manahodha na mabaharia waliobaki ndani ya boti kwenye ghuba. Dhoruba ya kilomita 110 kwa saa ikija, nahodha mzoefu anaweza kukaa ndani ya chombo, akaongeza kamba, akawasha injini, akakielekeza kwenye upepo ili kisigongane na vingine. Ni uamuzi wa busara kwa dhoruba ile iliyotabiriwa. Kwa dhoruba iliyokuja, ulikuwa ni kifo. Taarifa ya kubadilisha uamuzi ilifika wakati giza limeingia na mawimbi yameanza.

Njia na nguvu ni maswali mawili

Msomaji anayesikia kwamba utabiri wa vimbunga umeboreka sana atauliza iweje haya yatokee. Umeboreka kweli, ila sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya njia, yaani kimbunga kitapita wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utabiri wa saa 72 kwenye bahari ya Atlantiki ulikosea mahali pa kimbunga kwa zaidi ya kilomita 400 kwa wastani. Siku hizi kosa hilo liko chini ya kilomita 200. Maisha mengi sana yameokolewa na mabadiliko hayo.

Njia imekuwa rahisi kuboreshwa kwa sababu kimbunga husukumwa na mikondo mikubwa ya hewa inayotanda maelfu ya kilomita. Ukiijua vizuri hali ya anga ya bara zima na bahari nzima, kwa msaada wa setilaiti na maputo ya vipimo, umeshajua sehemu kubwa ya jibu. Modeli za dunia nzima zinafaa kwa hilo.

Nguvu haitoki huko mbali. Inatokana na mambo ya kilomita chache katikati ya kimbunga: mawingu ya radi yanayolipuka kuzunguka jicho, joto linalopanda kutoka kwenye maji, unyevu wa hewa inayonyonywa ndani, na iwapo mzunguko wa juu umekaa sawasawa juu ya mzunguko wa chini au umelala upande. Upepo wa tabaka za juu ukitofautiana sana na wa chini, dhoruba hupinda na kupoteza joto lake. Ikinyooka ghafla, maji yakiwa moto, kila kitu huanza kusaidiana: mgandamizo unashuka, upepo unaongezeka, upepo unavuta joto zaidi baharini, na mgandamizo unashuka tena. Wataalamu huita ongezeko la kasi pale upepo unapoongezeka kwa kilomita 55 kwa saa au zaidi ndani ya saa 24. Otis kilizidisha kiwango hicho zaidi ya mara tatu.

Kuanzia mwaka 1990 hadi kama 2010, makosa ya njia yalishuka mwaka hadi mwaka huku makosa ya nguvu yakigoma. Ndiyo maana mwaka 2009, baada ya misimu mibaya ya 2004 na 2005, Marekani ilianzisha mradi mkubwa uitwao HFIP. Lengo lilikuwa kupunguza makosa ya njia na nguvu kwa asilimia 20 ndani ya miaka 5 na kwa asilimia 50 ndani ya miaka 10. Mradi huo ndio ulioisukuma modeli ya vimbunga ya HWRF mpaka ikaweza kuhesabu anga iliyogawanywa kwenye miraba ya kilomita 3 kwenye kiini cha kimbunga mwaka 2012, na baadaye chini ya hapo. Ndio pia uliozaa HAFS, modeli mpya iliyoanza kazi rasmi mwishoni mwa Juni 2023. Otis kilikuja miezi minne baadaye, katika msimu wake wa kwanza.

Dhoruba iliyoingizwa kwenye kompyuta

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na nitakaa kidogo.

Modeli ya vimbunga haianzi na ukurasa mtupu. Kila baada ya saa sita watabiri huandika ujumbe mfupi wa kompyuta wenye mambo machache: kitovu cha dhoruba kiko wapi, upepo wake wa juu ni kiasi gani, mgandamizo wa katikati ni kiasi gani, na dhoruba imetanda umbali gani. Modeli za vimbunga huchukua mzunguko uliobaki kwenye hesabu ya saa sita zilizopita, huuhamishia mahali palipotajwa, kisha huukuza au kuupunguza mpaka ulingane na ujumbe ule. Baada ya hapo ndipo vipimo vingine huingizwa, na hesabu huanza.

Sasa fikiria ujumbe huo ukisema dhoruba ni ya wastani, pana kidogo, na kitovu chake hakijulikani vizuri, wakati ambapo chini ya mawingu kuna kiini kidogo kilichobana na kinachozunguka kwa kasi. Modeli itaijenga kwa uaminifu mkubwa dhoruba iliyoelezwa. Itaitabiri vizuri kabisa. Na dhoruba hiyo haiko baharini.

Ujumbe huo unatoka wapi? Mahali pasipo na ndege, unatoka hasa kwenye setilaiti. Tangu miaka ya 1970 dunia nzima imetumia mbinu ya mtaalamu wa hali ya hewa Vernon Dvorak: mchambuzi hutazama umbo la mawingu, jinsi yanavyojiviringisha, jinsi sehemu ya juu ilivyo baridi, iwapo jicho linaonekana, kisha huipa dhoruba namba ambayo inahusishwa na kasi fulani ya upepo. Ni mbinu ya heshima na imeokoa watu wengi. Lakini ina mambo mawili yanayoiumiza katika kisa kama hiki. Kwanza, inatazama paa la mawingu. Kiini kidogo kinaweza kujificha chini ya paa hilo. Pili, kanuni zake zinaweka kikomo cha kasi ambayo namba inaruhusiwa kupanda, ili mchambuzi asidanganywe na mabadiliko ya muda mfupi. Kwa vimbunga vingi kikomo hicho ni ulinzi. Kwa Otis kilikuwa breki.

Zipo setilaiti zinazoweza kuona chini ya mawingu kwa mawimbi ya maikrowevu. Hizo hupita juu ya ncha za dunia na huona sehemu moja mara chache tu kwa siku. Kati ya mpito mmoja na mwingine zinaweza kupita saa nyingi, na Otis kilihitaji saa 12 tu.

Ndege ndiyo inayomaliza ubishi. Ile WC-130J inayotoka Biloxi, Mississippi, huruka kama kilomita tatu juu ya bahari, hukata katikati ya kimbunga kutoka upande mmoja hadi mwingine, na njiani hudondosha vibomba vyepesi vyenye mwavuli mdogo. Kibomba kimoja hupima joto, unyevu, mgandamizo na upepo zaidi ya mara moja kila sekunde mpaka kinapogusa maji, na vipimo hurushwa kwa redio kwenda ndegeni na kutoka hapo hadi Miami. Chini ya bawa la ndege kuna chombo kinachosoma povu la bahari na kukadiria upepo wa usoni. Ndege nyingine, P-3 za NOAA, shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari, zina rada mkiani inayochora upepo wa kiini chote, na tangu mwaka 2013 data za rada hiyo zimekuwa zikiingizwa moja kwa moja kwenye HWRF.

Kimbunga kinachoelekea Florida au Louisiana hutembelewa na ndege hizi usiku na mchana. Upande wa Pasifiki wa Mexico safari ni chache, kwa sababu ndege ni chache na kwa sababu mwenye ndege hutanguliza pwani yake. Siwalaumu wahudumu wa ndege hizo hata kidogo. Walikwenda, na bila wao hata onyo la usiku ule lisingekuwepo. Lakini walipofika mchana wa Jumanne, mzunguko wa hesabu za asubuhi ulikuwa umeshakwenda na data za setilaiti peke yake. Modeli inahitaji saa kadhaa kupokea vipimo, kuvichanganya, kuhesabu na kutoa jibu. Kipimo kilichofika saa 12 kabla ya kutua kwa kimbunga kinamsaidia mtabiri aliyeketi mbele ya skrini. Kwa modeli, kimechelewa.

Je, miraba midogo ingetosha?

Kila maafa ya namna hii yakitokea, ombi la kwanza huwa ni kompyuta kubwa zaidi. Lina msingi. Modeli hugawanya anga kwenye miraba na kuhesabu kila mmoja. GFS hutumia miraba ya kama kilomita 13, ECMWF kama 9. Jicho dogo, la kilomita 15 kwa mfano, huwa na nafasi ya mraba mmoja au miwili tu, na mzunguko wa namna hiyo hupita humo kama dagaa kwenye wavu wa macho makubwa. Ili kitu kionekane vizuri kwenye modeli kinahitaji miraba kama sita au zaidi. Ndiyo maana HAFS ina eneo la ndani linalosafiri pamoja na kimbunga, lenye miraba ya kilomita 2.

Ukipunguza upana wa mraba kwa nusu, kazi ya kompyuta huongezeka kama mara nane: miraba mara mbili upande mmoja, mara mbili upande wa pili, na hatua za muda zikate nusu ili hesabu isiporomoke. NOAA ina kompyuta kuu mbili za kazi hii, Dogwood huko Virginia na Cactus huko Arizona, zilizoanza kazi mwaka 2022. Hata hizo zina kikomo.

Ila HAFS ilikuwa na miraba ya kilomita 2 na bado ilikosa. Hilo halipaswi kurukwa. Miraba midogo iliyopewa mwanzo usio sahihi itatoa picha iliyo wazi zaidi ya jambo lisilokuwepo.

Na hata kanuni za ndani ya modeli, zile zinazoeleza jinsi upepo unavyosuguana na bahari, zimekuwa zikirekebishwa na vipimo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kadiri upepo unavyoongezeka ndivyo bahari inavyozidi kuushika, kwa kuwa mawimbi huwa makubwa. Mwaka 2003 Mark Powell na wenzake walikusanya vipimo vya vibomba vilivyodondoshwa ndani ya vimbunga na kuonyesha kwamba upepo ukifika kama kilomita 120 kwa saa, mshiko huo huacha kuongezeka. Povu na vumbi la maji hubadilisha uso wa bahari. Kwa modeli za kabla ya hapo, hiyo ilikuwa ni kama kukifunga kimbunga kikali breki isiyokuwepo baharini. Marekebisho hayo hayakutoka kwenye kompyuta kubwa. Yalitoka kwenye vibomba vilivyotupwa na watu waliokuwa wakirushwarushwa angani.

Joto la maji lina habari yake pia. Kimbunga hukoroga bahari na kuleta juu maji baridi, na modeli isiyo na bahari ndani yake hukipa nguvu isiyostahili. Modeli za vimbunga za leo huhesabu bahari na anga kwa pamoja. Kwa Otis sidhani tatizo kubwa lilikuwa hapo.

Wastani unavyoficha

Kuna jambo lingine ambalo halihusu fizikia, nalo linanikera zaidi kuliko yote: namna tunavyopima mafanikio.

Malengo makuu ya mradi wa HFIP yaliandikwa kwa wastani wa makosa. Punguza wastani, umefaulu. Lakini kwenye wastani wa mwaka mzima, kosa la Otis ni tone. Modeli inaweza kuboreka kila mwaka kwa dhoruba mia za kawaida, ikapata sifa, na ikaendelea kukosa ile moja inayoangamiza mji. Zaidi ya hapo, watabiri hupenda kuchukua wastani wa modeli kadhaa, kwa sababu wastani huo karibu kila mara huwa sahihi kuliko modeli moja. Ndiyo mbinu bora kwa siku za kawaida. Kwa siku isiyo ya kawaida, wastani ndio unaokata kilele: modeli moja ikisema kitu cha ajabu, tano zilizotulia huimeza.

Dawa inayojulikana ni kuiendesha modeli mara nyingi, kila mara mwanzo ukiwa umebadilishwa kidogo, ili tuone si jibu moja tu bali mtawanyiko wa majibu. ECMWF hufanya hivyo mara 51 kila zamu, na tangu Juni 2023 zote ziko kwenye miraba ya kilomita 9. Kwa njia ya kimbunga mtawanyiko huo umekomaa. Kwa nguvu bado, maana mara 51 za mraba wa kilomita 9 bado ni mara 51 za wavu uleule. Kinachotakiwa ni makumi ya hesabu za mraba wa kilomita 2, zikianza na viini tofauti vinavyowezekana: kikubwa, kidogo, kilicholala, kilichonyooka. Hapo hata bila ndege, mtabiri angeweza kuona Jumatatu usiku kwamba hesabu tatu kati ya arobaini zinalipuka. Tatu ni chache. Lakini mkuu wa bandari ya Acapulco angekuwa na haki ya kuzijua, na nahodha vilevile.

Baada ya Otis mambo hayakusimama. Mkazo wa HFIP wenyewe ulikuwa umeshaanza kuhamia kwenye ongezeko la kasi. Oktoba 2024, Milton ilipozaliwa kwenye Ghuba ya Mexico, kituo cha Miami kilisema mapema kwamba itakuwa kali; kilele chake bado kilizidi utabiri, ila watu wa Florida walianza kuhama wakati dhoruba ikiwa mbali. Tofauti kubwa na Otis ni kwamba Milton ilizungukwa na ndege tangu siku zake za mwanzo. Oktoba 2025 Melissa, iliyotua Jamaica tarehe 28 ikiwa na upepo wa kilomita 295 kwa saa, ilitabiriwa siku kadhaa kabla kwamba itaongeza nguvu kwa kasi. Kati ya zana zilizokuwa mezani kwa watabiri mwaka ule ni modeli ya akili bandia ya Google DeepMind, nayo ilifanya vizuri.

Akili bandia inastahili maneno mawili ya tahadhari. Zile za kwanza, kama Pangu-Weather na GraphCast za mwaka 2023, zilifundishwa kwa kumbukumbu ya hali ya hewa yenye miraba ya karibu kilomita 28. Ziliipata njia vizuri ajabu na nguvu hazikuipata, maana kwenye kumbukumbu hiyo kila kimbunga kimeshalainishwa. Ile ya Google DeepMind ya mwaka 2025 iliongezewa orodha ya vimbunga karibu 5,000 vya miaka 45 pamoja na nguvu zao zilizokadiriwa, ndipo ikaanza kuielewa nguvu. Kwa hiyo ubora wake unategemea orodha hiyo, na orodha hiyo inategemea nani alipima nini, wapi.

Hapo ndipo jambo hili linapotufikia sisi wa magharibi ya bahari ya Hindi. Aprili 2019 Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazidja kikiongeza nguvu kwa kasi, na tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, kikakibomoa kisiwa cha Ibo, wiki sita tu baada ya Idai kuizamisha Beira. Mei 2024 Hidaya ilifikia kiwango cha kimbunga kamili karibu na Tanzania, kisha ikadhoofika kabla ya kufika Mafia tarehe 4. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa kwa taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ilikuwa sahihi kuzisimamisha. Kituo chenye dhamana ya vimbunga kwenye eneo letu kiko kisiwani La Réunion chini ya Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, nacho kina modeli yake ya AROME yenye miraba ya kilomita chache. Kisichokuwepo ni ndege. Hakuna wawindaji wa vimbunga wanaoruka mara kwa mara kwenye mlango-bahari wa Msumbiji au mashariki ya Mafia. Nguvu ya karibu kila kimbunga kilichoandikwa kwenye orodha yetu imekadiriwa kwa kutazama mawingu kutoka juu, kama Otis kilivyotazamwa hadi Jumanne mchana.

Kwa hiyo modeli yoyote, ya fizikia au ya akili bandia, ikija kwetu inaanza na upungufu uleule ulioiangusha HAFS, na haitakuwepo ndege mchana wa siku ya mwisho kuirekebisha. Ndiyo maana nazipa uzito setilaiti ndogo za TROPICS ambazo NASA ilizirusha Mei 2023. Zilibuniwa kuangalia chini ya mawingu kwa maikrowevu na kurudi juu ya dhoruba ileile baada ya muda mfupi, saa moja hivi, badala ya kuiacha nusu siku. Setilaiti haibagui bahari ya nani. Kundi la kudumu la namna hiyo, lenye data zinazoingia La Réunion na Miami kwa wakati mmoja, lingempa mtabiri wa Dar es Salaam kitu ambacho mwenzake wa Miami hakuwa nacho usiku ule wa Jumatatu: kuona kiini kikijifunga wakati bado kuna mchana mzima wa kuwatoa watu kwenye boti.